Spika Yangu na Wazee Waliofika Kwenye Msiba Wao

Vijana wangu mnaojiandaa kutangaza maonyesho ya mwezi ujao, nimesikia mnabishana. Mmoja anasema tangazo likiwekwa kwenye simu linatosha, mwingine anataka ikodiwe bajaji yenye spika. Mimi sigombani na simu. Lakini mmeniomba niwaambie nilichojifunza katika kazi ya kupita na spika Nachingwea na Ruangwa, basi sikilizeni, na mtu asiniulize ilikuwa mwaka gani. Miaka yangu naihesabu kwa spika: kulikuwa na spika ya kushika mkononi, ikaja ya betri ya gari, ikaja ya flashi.

Kwanza, usitangaze upepo ukikupiga usoni. Utapiga kelele mpaka mishipa ikutoke shingoni, na atakayesikia ni mbuzi aliye nyuma yako. Pili, wakati wa kupulizia korosho usiingie mashambani na tangazo refu. Watu wamejifunga vitambaa puani, wana hasira, na mashine inanguruma. Nenda kwenye bomba la maji. Pale bombani mtu hawezi kuondoka mpaka ndoo ijae, kwa hiyo atakusikiliza hata kama hakupendi. Tatu, ukisikia adhana, zima. Niliwahi kuchelewa kuzima mara moja, na shehe akaniombea dua ndefu mbele yangu, huku ananitazama.

Kazi hii niliipata kwa sababu ya kuita watoto kula.

Wazazi wetu walifariki mmoja baada ya mwingine, masika moja, mimi nikiwa darasa la sita. Walituacha wanne: mimi Somoe, Zuhura, Rajabu, na Issa aliyekuwa hata kaptula hajui kuvaa mwenyewe. Baada ya arobaini mjomba akaja kutoka Chiola na mpango wake. Zuhura aende naye Chiola, Rajabu aende Nambilanje, Issa apelekwe Chinongwe, na mimi nitafutiwe mume. Nikamwambia, "Mjomba, hawa si miche ya korosho, uwapande mmoja mmoja mbalimbali." Akasema, "Utawalisha nini?" Watoto hawakuondoka. Aliyeondoka ni mimi, shuleni.

Tulikaa pembeni mwa Nachingwea, na wadogo zangu walikuwa wanacheza mbali, kule bondeni. Jioni ninasimama nyuma ya nyumba, ninaita, "Zuhuraaa! Rajabuuu! Issaaa!" Siku moja akapita mzee mwembamba na baiskeli, spika imefungwa kwenye usukani. Ni Mzee Likwata, mtangazaji pekee wa mji wakati huo. Alikuwa na pumu. Akitangaza mkutano, robo ya tangazo ni kukohoa. Akasimama, akanitazama.

"Binti, sauti yote hiyo unawaitia watoto ugali tu?"

"Na mboga, babu, ikiwepo."

"Huo ni uharibifu. Kesho njoo nyumbani kwangu."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye kazi, na hivyo ndivyo wale watatu walivyosoma.

Mzee Likwata hakunifundisha kupiga kelele. Alisema kelele ninayo. Alinifundisha kutaja watu. "Mtu ameinama na jembe," alisema, "hatainuka kwa sababu ya habari. Habari ni nyingi. Mtaje mtu mmoja kwa jina, na ubini, na kijiji, na mwanawe anayefahamika, uone kama hatainuka." Alipendelea utaratibu huu hasa kwenye misiba, na misiba ndiyo ilikuwa sehemu kubwa ya kazi yetu. Unafika njia panda, unasimamisha chombo, na kama kina injini unaizima. Unanyamaza kidogo mpaka watu wageuke. Unataja jina polepole, unataja ni baba wa nani, shangazi wa nani, yuko wapi, watu wafike wapi na saa ngapi. Unarudia mara tatu. Mwisho unasema, "Anayesikia amwambie na asiyesikia." Kisha unaondoka bila kuwasha kelele nyingine. Kwa mpira, chanjo, mnada na ngoma, hapo unatembea huku unatangaza, muziki chini kidogo, na utani ukitaka.

Hayo mawili, la msiba na la ngoma, yashikeni, maana yatarudi.

Spika ya flashi ilipokuja, nilidhani nimepumzika. Unarekodi mara moja, mtu anazunguka nayo siku nzima. Nilimpata dereva wa bajaji, Selemani, baba wa watoto wawili anayezungumza kama yuko Dar. Sauti yangu ilikuwa inazunguka Ruangwa mjini huku mimi niko Nachingwea ninakula mihogo. Wiki haikuisha, bibi mmoja akanifuata mpaka nyumbani.

"Somoe, siku hizi unaringa."

"Mimi, bibi?"

"Juzi umepita Ruangwa kwenye bajaji. Unasema, hamjambo wakazi wa Ruangwa. Nikakujibu, hatujambo mwanangu, za Nachingwea? Kimya! Nikakufuata nyuma ya bajaji nikikusalimia, unasema tu hamjambo, hamjambo."

Nikamwomba radhi kwa niaba ya flashi. Tangu siku hiyo nikarudi kukaa ndani ya bajaji mwenyewe kila kazi iliyokuwa muhimu.

Na kazi muhimu kuliko zote ililetwa na Issa.

Yule Issa asiyejua kaptula alikua akawa mpiga picha. Alianza na picha za pasipoti sokoni Nachingwea, pazia la buluu na kiti kimoja. Pesa ya pasipoti ikimtosha nauli, anaondoka kwenda vijijini kupiga picha wazee, bure. Nikimuuliza za nini, anasema, "Dada, utaziona." Mjomba akawa anasema nimelea mtoto wa kupoteza karatasi.

Pale Ruangwa kulikuwa na ghala la zamani la korosho, tupu. Issa alitaka liwe nyumba ya sanaa: picha ukutani, vinyago katikati, vijana wa igizo wacheze uani. Mfanyabiashara mmoja naye alilitaka kwa ajili ya kuweka simenti. Afisa aliyekuwa anashughulikia jambo hilo, kijana mpole aliyehamia kwetu kutoka upande wa Bukoba, akamwambia Issa waziwazi: "Mimi sanaa naipenda. Lakini simenti ina wateja. Jumamosi fanya maonyesho yako. Ghala likijaa watu, ufunguo ni wako. Lisipojaa, usinilaumu."

Issa akaja nyumbani, akakaa mlangoni kama zamani alivyokuwa anangoja chakula. Akasema, "Dada, niitie watu."

Nikaanza Jumatano, kwa furaha. "Maonyesho makubwa ya sanaa! Picha, vinyago na igizo, ghala la zamani la korosho, Jumamosi!" Selemani akaweka muziki. Tukazunguka Ruangwa yote. Pale sokoni mama muuza vitumbua akanisimamisha.

"Maonyesho gani tena? Si Nanenane imeshapita?"

"Haya ni ya picha, mama."

"Matrekta hakuna?"

"Hakuna."

"Mbegu je?"

Mzee aliyekuwa ananunua vitumbua akadakia, "Salfa ya kupulizia korosho itagawiwa?" Nikasema hapana, ni kutazama tu. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Mwanangu, kutazama tunatazama hata nyumbani." Bombani wakanisikiliza mpaka ndoo zikajaa, wakaondoka. Selemani akasema, "Mama, hapa hatutoboi."

Jioni nilikuwa sina raha. Nilimwona Issa akiwa ghalani peke yake, na nje mifuko ya simenti imeshaanza kushushwa barazani kwa kujiamini. Ndipo nikamkumbuka Mzee Likwata, Mungu amrehemu. Taja watu! Mbona ninatangaza "sanaa"? Sanaa ni mtoto wa nani, anakaa kijiji gani? Ukutani kutakuwa na wazee tisa, watu wazima wenye majina, kutoka Chiola, Chinongwe na Nambilanje. Nikachukua majina yao kwa Issa, nikayakariri usiku.

Alhamisi nikaanza upya. Njia panda ya kwanza, nikamwambia Selemani azime bajaji. Nikanyamaza kidogo mpaka watu wageuke. Nikasema polepole:

"Ndugu wakazi wa Ruangwa. Mzee Hamisi Nangonga wa Chiola, baba yake Bakari fundi baiskeli. Bibi Esha Mchopa wa Nambilanje, mama yake mwalimu Mchopa..." Nikawataja wote tisa. "Wote wako kwenye ghala la zamani la korosho, hapa Ruangwa. Jumamosi, baada ya sala ya adhuhuri. Mnaombwa kufika bila kukosa. Anayesikia amwambie na asiyesikia."

Nikarudia mara tatu.

Vijana, sijawahi kupata wasikilizaji kama wale. Kinyozi akazima redio. Mwenye pikipiki akasimama, akashuka kabisa. Wanawake wakaweka mikono kichwani. Mzee wa salfa akakaa chini barabarani. Selemani akaninong'oneza, "Mama, leo umekinukisha." Nami nikajisemea moyoni, kumbe watu wetu wanapenda sanaa, walikuwa wanakosa mtu wa kuwaeleza vizuri! Tukaenda Nambilanje, tukaenda Chinongwe, Ijumaa asubuhi tukavuka mpaka Chiola. Kila mahali ni vilevile. Chiola mwanamke mmoja alitaka kuniuliza kitu, akashindwa, akaondoka akikimbia. Nikasema huyo anawahi kuwaambia wenzake.

Neno kifo sikulitaja hata kidogo. Lakini hilo ndilo tangazo nililowapa watu hao kwa miaka yote, kwa sauti ileile, chombo kimezimwa, ubini na vijiji. Watu wakajazia wenyewe palipobaki. Wazee tisa, vijiji mbalimbali, wote wako mahali pamoja? Basi gari limepinduka. Kufika Ijumaa jioni gari lenyewe lilikuwa limeshapata rangi, na dereva wake ameshakimbia.

Mimi sikujua. Ijumaa hiyo, tuliporudi kutoka Chiola, nilikuwa ghalani mpaka jioni ninamsaidia Issa kutundika picha. Picha kubwa, vijana wangu, kila uso kama mlango. Kwenye kona ya mwisho kulikuwa na moja imefunikwa kanga. Nikataka kuifunua.

"Hiyo bado, dada," akasema Issa.

"Bado nini?"

"Bado. Hebu nipe msumari."

Jumamosi Issa akavaa shati jeupe, akasimama mlangoni kuwakaribisha watu. Wa kwanza kufika walikuwa wanawake wa Nambilanje, kanga zimefungwa kiunoni, vichwani ndoo za unga na mizigo ya kuni. Issa akaniuliza, "Dada, umewaambia kutakuwa na chakula?" Nikasema hapana, lakini wageni wa heshima huja na kitu. Wakafuata wanaume wa Chinongwe na majembe na sululu. Hapo nikaanza kujikuna. Kisha ikaja pikapu kutoka Chiola, nyuma wamesimama vijana, na katikati yao jeneza la msikiti.

Kijana mmoja akaruka chini, akanipa mkono kwa majonzi. "Pole sana, mama. Tumesikia wako tisa, lakini jeneza tunalo moja tu. Itabidi wapokezane."

Damu ilinishuka mpaka kwenye kandambili.

Kabla sijafungua mdomo, kilio kikaanza uani, kikapokelewa, kikawa kimoja. Na hapohapo afisa wetu akafika. Alitazama umati, akatazama wanawake wanavyolia, akamshika Issa bega. "Bwana, sijawahi kuona watu wanaoguswa na sanaa namna hii. Na hata ndani hawajaingia!" Issa alitabasamu kwa meno tu. Kwa macho alikuwa ananitafuta mimi.

Nikachukua spika. Nikasema, "Ndugu zangu, nisikilizeni, hakuna msiba." Mama mmoja akalia zaidi: "Wanatuficha!" Nikasema, "Hawa wazee ni wazima!" Mwingine akajibu, "Wako wapi basi?"

"Mimi niko hapa!"

Ilikuwa ni sauti kutoka barabarani. Bodaboda imesimama, na juu yake Mzee Hamisi Nangonga mwenyewe, vumbi mpaka kwenye kope, fimbo mkononi. Alikuwa kwenye kibanda chake shambani analinda ufuta, akaja mpwa wake kuchukua shuka la kumfunikia, wakakutana mlangoni. Umati ukafungua njia. Watu wengine walikimbia, siwalaumu.

"Nani kanitangaza?" akauliza.

Watu wote wakanigeukia. Kwenye jambo hilo tu walikuwa na umoja.

"Mzee wangu, nilitangaza picha yako."

"Picha inatangazwa kwa kusimamisha bajaji? Picha inatangazwa mara tatu? Mke wangu kaanza kugawa kuku!" Akamgeukia Issa. "Na wewe kijana, nilikukaribisha kwangu, ukala magimbi yangu. Shusha picha yangu. Sasa hivi. Na wenzangu wakifika nitawaambia washushe zao."

Nikamwona Issa anavyolegea mabega. Picha ya Mzee Nangonga ndiyo ilikuwa ya kwanza mlangoni. Ikishuka hiyo, zote zitashuka, na nje simenti inangoja. Akaingia ndani kuichukua. Mzee akamfuata, mimi nikafuata, na watu wakafuata ili waone ugomvi unaishaje. Ndivyo ghala lilivyojaa.

Aliyesimama kwanza mbele ya picha ile hakuwa Mzee Nangonga. Alikuwa Bi Fatu wa Chinongwe, mtalaka wake wa zamani, ambaye hawakuwa wameongea tangu waachane. Ndiye aliyekuwa analia kuliko wote uani. Alikuwa amefuta machozi, anaitazama picha kama mtu anayetafuta kasoro kwenye kitambaa. Pichani mzee alikuwa amekaa juu ya gunia, anacheka mpaka macho yamefumba.

"Huyu ni nani?" akauliza Bi Fatu.

"Hunijui?" akasema Mzee Nangonga.

"Nimeishi nawe, sijawahi kukuona unacheka hivi. Nani alikuchekesha?"

Mzee akakohoa. Issa, nyundo mkononi, akajibu kwa upole, "Ni wewe, bibi. Nilimuuliza habari za ndoa yake ya kwanza."

Ghala zima likapasuka kwa kicheko. Mzee akainua fimbo, akaishusha. "Kijana, hayo yalikuwa mazungumzo ya faragha!"

"Alisema nini?" akauliza Bi Fatu. "Alisema nini juu yangu?"

"Alisema ulimfukuza na mwiko mpaka kisimani," akasema Issa.

"Alistahili," akasema Bi Fatu. "Na wewe uliyekuja na fimbo, umenifanya nilie barabara nzima kutoka Chinongwe. Picha haishuki. Nimelia kwa ajili yake, nitaitazama mpaka nichoke."

Mzee Nangonga alimtazama, akaitazama picha. Akachukua kiti, akakiweka chini ya picha yake, akakaa. "Haya," akasema. "Mmekuja kunizika. Nizikeni nikiwaona. Na huo unga msirudi nao."

Basi wakapanga foleni kama wanavyopanga msibani. Mmoja mmoja anafika, anampa mzee mkono, anamwambia pole kwa kufa, anaitazama picha, anaongeza neno. "Huyu alinitibia ng'ombe." "Huyu aliniozesha." Wazee wengine wakawa wanaingia mmoja mmoja, kila mmoja na hasira yake na wajukuu wake, na kila mmoja akiona wenzake wamekalia viti kama mabwana harusi, naye anaomba kiti. Bibi Esha aligoma kukaa mpaka apewe kiti chenye mto. Kuni zikawashwa, unga ukasongwa. Vijana wa igizo wakaacha igizo walilozoea, wakaigiza uani jinsi tangazo lilivyosambaa, na jeneza la Chiola wakaliomba wakalitumia kama gari lililopinduka, mpaka shehe alipotoa macho wakalirudisha haraka. Yule mzee wa salfa alizunguka vinyago vyote, kisha akaja kuniambia, "Ungesema kuna ugali ningekuja bila kulia."

Afisa alimkabidhi Issa ufunguo kabla ya alasiri. Mpaka leo hajui vizuri kilichowaleta watu wale, na nawaomba msimwambie. Simenti ilipakiwa jioni ileile.

Kwa hiyo mwezi ujao, tajeni watu. Tajeni mchonga vinyago ni mtoto wa nani, tajeni binti anayeigiza anatoka kijiji gani. Lakini bajaji iwe inatembea, muziki uwepo, na mcheke kidogo. Na semeni ugali upo, kama upo.

Mimi nilistaafu siku ileile. Jioni watu walipoanza kupungua, Issa alikwenda kwenye ile kona, akavuta kanga. Nilikuwa mimi. Nimesimama nyuma ya nyumba yetu, mdomo wazi, ninaita mtu. Sijui alinipiga lini. 

Mzee Nangonga akainuka kwenye kiti chake, akaja na fimbo yake, akasimama mbele ya picha.

"Na huyu nani kamtangaza?"

"Hajatangazwa, mzee," akasema Issa.

Mzee akanyoosha mkono, Selemani akampa spika. Akanyamaza kidogo mpaka watu wageuke. Utaratibu wote aliujua, na nani asiyeujua kwetu? Akasema polepole:

"Ndugu wakazi wa Ruangwa na Nachingwea. Bi Somoe wa Nachingwea. Dada yake Zuhura. Dada yake Rajabu. Dada yake Issa mpiga picha."

Akarudia mara tatu. Watu walikuwa wametulia kabisa, kinamama wawili wameshaweka mikono kichwani kwa mazoea. Mimi nilikuwa ninajisikiliza, ninangoja yanayofuata, kama wale wote niliowahi kuwangojesha njia panda.

"Ni mzima," akasema mzee. "Anayesikia amwambie na asiyesikia."